Pamba Yote Daraja la Kwanza

Nyanjige wa Migato alikuwa na pamba nyeupe kuliko meno ya mtoto. Watu wa kule husema, na mwenye kubisha akawaulize, kwamba msimu mmoja kunguru wote walihama kijiji kwa aibu, maana ule weupe wao wa shingoni ulionekana uchafu wakitua karibu na kichanja chake. Afisa kilimo mmoja aliyekuja kuipiga picha pamba hiyo alirudi Bariadi na picha kumi na mbili za mwanga mtupu.

Uongo? Labda kidogo. Kazi yenyewe haina uongo. Nyanjige hakuvuna umande ukiwa bado juu ya majani. Alisubiri jua lipande, akavuna, akaanika kichanjani, halafu akaketi juu ya ngozi ya ng'ombe na kuchambua konzi kwa konzi. Nyeupe huku, hiyo ndiyo safi. Yenye madoa au iliyoguswa na mdudu kule, hiyo ndiyo fifi. Safi na fifi hazikulala gunia moja katika nyumba yake, kama vile fisi na mbuzi wasivyolala zizi moja. Mama wakwe walipowafunda wake wapya waliwaambia, chambua kama Nyanjige, usichambue kama mlivyozoea kwenu.

Siku ya gulio, pamba inapopelekwa kuuzwa kwenye ghala la ushirika, alisimama kwenye foleni mbele ya meza ya madaraja. Nyuma ya meza alikaa karani Athanasi, mtu mwembamba wa kanisani aliyekuwa hacheki mpaka Pasaka. Athanasi alizamisha mkono guniani hadi kwapani, akatoa konzi kutoka chini kabisa, kule wajanja wanakoficha mambo yao, akaiinua juani. Halafu alitamka neno moja. Kwa miaka ishirini na mmoja alimwambia Nyanjige neno lile lile: safi. Akachora alama ya chaki juu ya gunia, watu wote wakiona.

Hakuwa na kingine. Mume alikufa mapema, ng'ombe wakaondoka na ndugu wa mume, watoto wakaenda Geita kutafuta dhahabu na kupata kikohozi. Mbele ya wenye makundi ya ng'ombe na wenye nyumba za bati, Nyanjige alikuwa na neno lile tu. Akishalisikia alirudi kwake akitembea katikati ya njia, na wenye baiskeli walimpisha.

Kisha soko likafunguliwa.

Tusiwasingizie watu: wengi walifurahi. Ushirika ulikuwa umechoka kama jembe la kuazima, na ukiuza pamba yako Juni ulisubiri malipo mpaka mjukuu azaliwe. Kwa hiyo malori ya watu binafsi yalipoingia Migato, wakala juu yake na fedha mkononi, vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mto Simiyu. Siku hiyo hiyo meza ya madaraja ilibebwa ikawekwa ndani ya ghala, ghala likafungwa kufuli, na Athanasi akapewa barua ya kumshukuru.

Wakala alikuwa kijana wa mjini aliyevaa miwani ya kioo, ukimtazama unajiona mwenyewe. Alitundika mizani ubavuni mwa lori. Aliyemtangulia Nyanjige kwenye foleni alikuwa Maige, jirani yake, mtu ambaye Athanasi alimrudisha nyumbani kila msimu bila kukosa. Maige alitia mchanga katikati ya gunia, na juu ya mchanga akamwaga ndoo ya maji. Wanasema gunia lake moja liliwahi kuchipua mahindi kabla lori halijafika kiwandani, na lingine lilipofunguliwa alitoka chura na kuuliza wamefika wapi. Gunia la Maige likapimwa, likarushwa juu ya lori. La Nyanjige likapimwa, likarushwa juu ya lile la Maige. Maji ya Maige yakaanza kulipenya kutoka chini.

"Nyanda," Nyanjige alimwita wakala, yaani kijana, kwa upole bado, "hujaangalia."

"Nimeangalia mizani, mama."

"Hujaangalia pamba. Hiyo ni safi."

"Kwangu mimi zote ni pamba. Bei moja. Soko huria, mama, sogea na wenzako wapite."

Maige alicheka mpaka akashika magoti. Akamwambia Nyanjige pole, mayu, pole mama, umeumiza mgongo bure miaka yote hiyo, ungeniuliza mimi. Watu kwenye foleni nao wakacheka, na waliocheka walikuwa wale wale waliompisha njiani. Hasira ilimpanda Nyanjige kuanzia kwenye nyayo. Wanasema alipofika nyumbani aliweka sufuria ya maji kichwani na ugali ukaiva.

Hakukaa kimya. Alikwenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa wakala ana leseni, leseni imetoka juu. Akafunga konzi mbili za pamba katika pembe za khanga, safi pembe hii na fifi pembe ile, akapanda lori la chumvi hadi Bariadi mjini. Ofisini alimkuta bwana mmoja chini ya feni, akamwekea pamba zote mbili juu ya meza ili aone tofauti kwa macho yake. Yule bwana alipangusa meza kwanza. Akamweleza kwamba mambo ya kununua pamba siyo ya serikali tena, serikali imejitoa.

"Imejitoa imekwenda wapi?" Nyanjige aliuliza.

Bwana yule aliona ni kichekesho kitamu mno, akatoka kwenda kuwasimulia wenzake chumba cha pili. Nyanjige alisikia ofisi nzima ikicheka. Aliokota pamba yake, akatoka nje, akatembea kwa miguu hadi Migato kwa sababu hakutaka mtu yeyote aone uso wake ndani ya lori.

Msimu uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, wa kwanza tangu vyama viwe vingi kama utitiri. Diwani wa kata alitakiwa, na wagombea wawili walisimama.

Wa kwanza alikuwa Fredrick. Huyu alikuwa na nyumba ya video Somanda na malori mawili, na baba yake alikuwa na mashine tatu za kusaga. Alifika Migato ndani ya gari aina ya Landrova, akateremka pekupeku. Viatu alivua garini, watoto waliviona chini ya kiti viking'aa. Alikanyaga vumbi, akalipaka usoni, akasema amerudi kwa wanyonge wenzake. Alikuja na wacheza ngoma thelathini na fisi mwenye kamba shingoni, ambaye, kwa mujibu wa Maige, alijua kusalimia mwangaluka na kujibu. Habari yake ilikuwa fupi: wenye kalamu ndio wametuua. Nani alirudisha pamba yako nyumbani? Mwenye kalamu. Nani alikuita mchafu mbele ya wakweo? Mwenye kalamu. Mkinichagua, hakuna pamba ya mtu wa Migato itakayoitwa fifi tena. Pamba yote daraja la kwanza!

Watu walipiga kelele hadi ng'ombe wakakata kamba. Kila mtu alikuwa na gunia lake moja lililowahi kurudishwa, na kila mtu alikuwa amelinyamazia.

Wa pili alikuwa Athanasi mwenyewe. Alifika na baiskeli ya Foniksi na daftari.

Nyanjige alifurahi moyoni kusikia Athanasi amejitosa. Asubuhi moja alimwendea nyumbani, pamba yake ikiwa kwenye khanga. Wakasalimiana vizuri, akapewa kigoda, uji ukaletwa. Athanasi alimweleza mambo yote: bei ya dunia, hasara za ushirika, masharti ya wenye kukopesha, mbegu zitakavyochanganyika viwandani na mavuno kushuka. Yote yalikuwa kweli tupu, na alisema akitazama daftari. Nyanjige alifungua pembe ya khanga na kuiweka pamba juu ya goti lake. Alingoja ule mkono. Athanasi alilowesha kidole akafunua ukurasa.

Mwishowe Nyanjige akauliza mwenyewe. "Meza ya madaraja itarudi?"

"Nisikudanganye, mayu. Ile meza hairudi. Dunia nzima imeacha."

"Basi wewe unagombea nini?"

Athanasi alivua miwani, akaifuta. "Nagombea ili asipate yule."

Nyanjige alifunga pamba yake, akashukuru kwa uji, wabeja, akaondoka. Njiani hakujua amkasirikie nani. Kosa lingekuwa la mti, angeupiga shoka. Lakini soko huria halina shina. Ukimfuata wakala anakutuma kwa mtendaji, mtendaji anakutuma mjini, mjini wanakucheka, na mtu pekee anayeijua pamba yako anakusomea daftari.

Sasa huko Usukumani kuna jambo moja ambalo mgeni hulishangaa. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu wana miguu, na miguu ndiyo inayoamua: wanahama kutoka kundi hili kwenda lile, wanarudi, wanahama tena, na jua likizama aliyezungukwa na umati ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji hubeba chatu, hula moto, hupanda nguzo. Yupo mmoja wa zamani aliyemeza jembe, na mpini akautapika mwaka uliofuata.

Wagombea wote wawili walipoomba uwanja wa Migato Jumapili ile ile, wazee wakakaa na kuona hakuna shida. Uwanja ni mmoja, wafanye siku moja, kama Bagika na Bagalu. Hakuna aliyejiuliza kama kuchagua diwani na kuchagua ngoma ni kitu kimoja. Kijiji kilikubaliana kwa mdomo kwamba atakayezungukwa na watu jua likizama ndiye atakayepigiwa kura Oktoba, mambo yaishe, watu warudi kulima.

Siku ikafika. Upande wa mashariki Fredrick, fisi, ngoma thelathini. Upande wa magharibi Athanasi amesimama juu ya sanduku, daftari mkononi, wanakwaya sita nyuma yake. Katikati ya uwanja walisimama Nyanjige na wanawake ishirini na watatu, wale wote waliochambua pamba kwa mikono yao na kuchekwa kwenye mizani. Walikuwa wameambiana kwamba atakapokwenda Nyanjige nao watakwenda. Kila mtu uwanjani alijua hivyo. Kelele zilipungua, watu wakamtazama yeye.

Nyanjige alimtazama Athanasi. Moyoni alimsihi: shuka hapo. Njoo uzamishe mkono wako humu kwenye khanga, useme lile neno moja mbele ya hawa, siku moja tu ya mwisho, halafu nakuhakikishia wanawake hawa watakubeba mpaka Dodoma. Athanasi alimwona. Alimwinamia kichwa kwa heshima kabisa. Kisha akaendelea kusoma habari za bei ya dunia, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza ukurasa.

Fredrick aliwasimamisha wapigangoma. Alikuja katikati ya uwanja pekupeku, akapiga magoti mavumbini mbele ya Nyanjige, akafungua pembe ya khanga yake bila hata kuambiwa. Alikuwa amekwisha kupewa habari zake, na aliyempa alikuwa Maige. Akaiinua pamba juani.

"Tazameni!" alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Mayu, nani alikwambia hii ni sawa na takataka?"

Machozi yakamtoka Nyanjige papo hapo, machozi ya mwaka mzima na zaidi. Nyuma ya bega la Fredrick alimwona Maige akitabasamu, Maige aliyeahidiwa kwamba mchanga wake utaitwa daraja la kwanza. Ahadi ile na swali hili havikai pamoja kichwani mwa mtu mwenye akili, na Nyanjige alikuwa na akili.

Esteria, rafiki yake wa ujana, alimvuta mkono. Akamnong'oneza kwamba huyu ni mwongo, hata viatu anavyo garini.

"Najua," Nyanjige alimjibu. "Ananidanganya. Lakini ananidanganya akinitazama."

Akavuka kwenda mashariki. Wanawake ishirini na watatu wakamfuata, nyuma yao waume zao, nyuma ya waume ng'ombe wa jirani, na wanaapa kwamba wanakwaya wanne kati ya sita walikwenda nao huku wakiimba bado. Athanasi alibaki na baiskeli. Oktoba ilikuwa kukamilisha tu.

Mwaka uliofuata, kabla ya pamba kukauka, Nyanjige alikwenda Somanda kumwona diwani wake. Alimkuta kwenye nyumba yake ya video, viatu miguuni. Fredrick alimpokea kwa shangwe, akampa soda, akamwita mama mzazi mbele ya watu. Nyanjige alikunywa soda yote kwa adabu, kisha akaeleza alichofuata: meza ya madaraja irudi gulioni, akae mtu anayeijua pamba, safi iitwe safi.

"Lakini mama, nilisema nini? Pamba yote daraja la kwanza. Ya kwako si imo?"

"Ikiwa yote ni ya kwanza, ya kwangu ni ya ngapi?"

Fredrick alicheka, halafu akaona yeye hacheki, akasogeza kiti karibu. Akasema naye ukweli, na pengine hiyo ndiyo heshima pekee aliyowahi kumpa. "Mama, nikikuinua wewe nitamwangusha Maige. Na kina Maige ni wengi kuliko nyinyi."

Nyanjige aliweka chupa chini taratibu ili asiipasue.

Alirudi kwenye shamba lake na kuvuna asubuhi, umande ukiwa juu ya majani. Hakuanika. Hakutandika ngozi ya ng'ombe. Alishindilia guniani majani, vijiti, pamba yenye madoa, pamba iliyooza, wadudu wakiwa hai bado, na alikuwa akiuma meno kwa nguvu kiasi kwamba majirani walidhani kuna mtu anasaga mtama. Siku ya gulio alilibeba mwenyewe hadi kwenye mizani. Wakala alikuwa yule yule, miwani ile ile. Akapima, akaashiria wapakiaji.

"Angalia," alisema Nyanjige.

"Mama, diwani wenu amekwisha sema. Zote daraja la kwanza."

"Angalia nilichokuletea. Nikatae. Niambie ni fifi."

"Utanichelewesha, mama."

Nyanjige alichomoa kisu cha kukatia kamba, akalipasua gunia kutoka juu hadi chini. Ule uchafu wote ukamwagika miguuni mwa wakala, mbele ya foleni nzima, na panzi mmoja akaruka. Hakuna aliyecheka safari hii. Maige alitazama chini. Nyanjige alisimama, kisu mkononi, akingoja mtu mmoja, mmoja tu, aseme kwamba hiyo siyo pamba.

Wakala alitazama saa yake. Akawaambia wapakiaji waizoe. Wakaizoa kwa koleo, pamoja na mavumbi na kinyesi cha mbuzi kilichokuwa hapo, wakaijaza kwenye gunia jipya, ikapimwa tena, ikazidi kilo mbili, ikarushwa juu ya lori.

Jioni Esteria alikuja kumwangalia, akamkuta ameketi nje, hajawasha moto. Akakaa naye. Hakumlaumu kwa ile siku ya uwanjani, kwa kuwa naye alivuka, na alivuka akijua. Kisha Esteria akatoa habari aliyoisikia kisimani. Upande wa Lagangabilili amezuka mtu mwingine, hata hajagombea chochote bado. Anasema atawacharaza viboko mawakala wote, na makarani, na madiwani, na hao wa mjini wanaokaa chini ya feni, hadharani, mmoja mmoja. Anasema atachoma ghala na mizani pia. Kwa huyo, Fredrick ni mtoto wa kwaya.

"Mwongo?" aliuliza Nyanjige.

"Sana. Macho yake tu utayaogopa."

Nyanjige aliutazama mkono wake, ule uliokuwa ukichambua.

"Anakuja huku lini?"